Saa nyembamba ya otomatiki: uliza kwanza wembamba umetoka wapi

Mteja akinionyesha kwenye simu picha ya saa nyembamba ya otomatiki na kuniuliza kama anunue, sianzi na jina lililoandikwa usoni mwa saa. Namuuliza: wamepunguza nini hadi ikawa nyembamba hivyo? Hapa Mwanga, Kigoma, wengi hudhani nawazungusha tu. Lakini mezani kwangu, mimi fundi wa saa, hilo ndilo swali linalotenganisha saa utakayoivaa miaka mingi na saa itakayohamia kabatini kabla mkanda wake haujachakaa.

Tuanze na tunayoifahamu. Seiko 5 imekaa kwenye mikono ya wazee wengi, kuanzia Ujiji hadi Kasulu. Mashine yake ya ndani, 7S26, iliyotoka mwaka 1996, ina unene wa milimita 5.2 hivi. Rota, yaani lile bamba zito la nusu duara linalozunguka mkono unapotikisika, limewekwa juu ya magurudumu yote na lina nafasi ya kutosha. Chini yake kuna kijiti chenye kucha mbili, ubunifu ambao Seiko waliuanza mwaka 1959: rota ikienda kulia au kushoto, springi kuu, ile inayotunza nguvu ya saa, inajazwa vilevile. Mashine hiyo haina hata njia ya kutiwa ufunguo kwa taji, yaani kile kitufe cha kuzungusha ubavuni mwa saa. Ukiikuta imesimama unaitikisa kidogo, inaamka, unaendelea na safari zako.

Sasa mwambie mhandisi aishushe mashine ya namna hiyo hadi milimita 3. Milimita mbili zote hizo azitoe wapi? Magurudumu lazima yawepo. Springi kuu lazima iwe na upana fulani, la sivyo saa itasimama kabla hujaamka. Kinachobaki ni kuingilia rota, kuondoa vitu usoni mwa saa, na kubana nafasi kati ya kipande na kipande. Mabishano yote ya mashine nyembamba yako hapo.

Mwaka 1967 Jaeger-LeCoultre wa Uswisi walitoa mashine ya otomatiki yenye rota kamili na unene wa milimita 2.45 tu. Cha ajabu, wao wenyewe hawakuivalisha kwenye saa zao. Walioichukua ni Audemars Piguet, Patek Philippe na Vacheron Constantin. Rota nyembamba kiasi hicho ikishikwa katikati peke yake itapinda saa ikigongwa, kwa hiyo waliiwekea pete pembeni, na pete hiyo inapita juu ya vigurudumu vinne vya rubi kama behewa juu ya reli. Mshale wa sekunde haukuwekwa. Baadaye walipoongeza tarehe, unene ulipanda hadi milimita 3.05. Yaani namba ndogo inayobadilika mara moja kwa siku imekula milimita 0.6, karibu robo ya mashine nzima! Tangu nilipolijua hilo, nikiona saa nyembamba yenye tarehe, siku na mwezi kwa pamoja, nauliza maswali mengi zaidi.

Mashine hiyo yenye tarehe, iliyoitwa 2121 kwa Audemars Piguet, iliingia kwenye saa yao ya Royal Oak ya mwaka 1972 na kubaki kwenye ukoo huo kwa miaka hamsini. Mwaka 2022 wakaleta 7121 kushika nafasi yake. Wasomaji wangu wanaopenda rekodi wangetegemea iwe nyembamba zaidi, maana mashine za kukatia vyuma zimeendelea mno. Haikuwa hivyo. Iliongezeka, kutoka milimita 3.05 hadi 3.2. Kwa ile milimita 0.15 walipata pipa pana zaidi la springi, yaani kijumba inamokaa springi kuu, na saa iliyokuwa ikikaa saa 40 hivi bila kuvaliwa sasa inakaa 55. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuhesabu muda, lililokuwa likipiga mara 19,800 kwa saa, yaani mara tano na nusu kwa sekunde, sasa linapiga 28,800, mara nane kwa sekunde. Mapigo ya haraka hayayumbi kirahisi mkono unapotikiswa, ila yanakula nguvu zaidi, ndiyo maana pipa kubwa lilihitajika. Rota sasa inazunguka juu ya gololi. Tarehe nayo inarekebishwa moja kwa moja, wakati zamani ulilazimika kuzungusha mishale ipite saa sita usiku, siku baada ya siku, hadi ufike. Na saa yenyewe kwa nje? Imebaki na milimita 8.1 ileile.

Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, na si huo tu. Piaget walitoa 12P mwaka 1960, milimita 2.3. Mwaka 2010, walipoleta 1200P kuadhimisha miaka hamsini, ilikuwa milimita 2.35. Wao wanatumia njia nyingine: rota ndogo iliyozamishwa ndani ya mashine, ikikaa usawa mmoja na magurudumu badala ya kupanda juu yake. Unaokoa unene, lakini rota ndogo haina mkono mrefu wa kuvuta springi, kwa hiyo fidia yake ni uzito. Ndiyo sababu rota hizi hutengenezwa kwa dhahabu au platinamu. Si kwa ajili ya kuringa, ingawa kuringa kumo. Chuma cha ukubwa wa sentimita moja ya ujazo kina gramu zisizofika 8, dhahabu safi ina 19.3 na platinamu 21.4. Patek Philippe nao walipoirekebisha mwaka 2021 mashine yao ya 31-260, iliyoanza 2011, walibadilisha rota ndogo ya dhahabu kuwa ya platinamu na kuongeza nguvu ya pipa la springi kwa asilimia 20.

Unaona wanapoelekea? Anayerudi kwenye meza ya kuchora baada ya miaka kumi au hamsini hafukuzii wembamba tena. Anatafuta nguvu, na ikibidi anarudisha unene kidogo alioubana mwanzoni. Wapo waliokazana na rekodi, sikatai: Bulgari mwaka 2017 walishusha otomatiki yao hadi milimita 2.23. Lakini mashine hiyo ina upana wa milimita 36.6, wakati ETA 2892, mashine ya Uswisi ya kawaida kwa mafundi, ina upana wa 25.6. Unene hauyeyuki, umelazwa ubavu. Mwenye mkono mwembamba alifikirie hilo kabla ya kutuma pesa.

Ushauri wangu wa kwanza basi: usinunue toleo la kwanza la mashine nyembamba kama toleo lililorekebishwa lipo na bei haijapishana sana. Na kama saa ni ya kuvaa kila siku kwa maisha yetu ya huku, milimita 3.6 hadi 3.9 zinatosha kabisa. ETA 2892 ina 3.6, Miyota 9015 ya Japani ina 3.9, zote ni nyembamba kuliko Seiko 5 yako kwa zaidi ya milimita moja, na spea zake zinapatikana. Ukivaa 9015 utasikia rota ikizunguka kwa kasi nyakati fulani. Usikimbilie kwa fundi: inajaza upande mmoja tu, upande wa pili inazunguka bure.

La pili linahusu mwili wako. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Ujiji, na saa nyembamba yenye rota ndogo aliyoletewa na mwanawe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hii saa ni mgonjwa. Kila asubuhi naikuta imekufa. Ile Seiko yangu haijawahi kunifanyia hivi."

Niliiweka kwenye kipimo, ikapiga vizuri. Nikaijaza kwa taji na kuiacha mezani, ikakaa siku nzima na zaidi. Saa haikuwa na ugonjwa wowote. Mwalimu siku hizi anashinda barazani, mkono uko juu ya goti, anasoma gazeti. Rota ndogo inapata mtikisiko mchache mno. Seiko ilikuwa ikimsamehe kwa sababu rota yake ni pana na inajaza pande zote mbili. Nilimshauri aizungushe taji asubuhi, mizunguko ishirini au thelathini, kama saa za ufunguo za zamani. Alilalamika kwamba basi otomatiki ina maana gani, na kwa kweli ana hoja. Lakini saa haijasimama tena.

Kijana wa bodaboda ana shida ya kinyume. Mtikisiko anao wa kutosha, na zaidi. Kwenye mashine nyembamba nafasi kati ya rota na mfuniko wa nyuma ni ndogo sana, na gololi zikianza kulika, rota inainama na kukwaruza. Fungua mfuniko uutazame kwa ndani: ukiona alama ya upinde inayong'aa, au unga wa chuma kwenye ukingo, rota inagusa. Usiendelee kuivaa ukisema bado inatembea, kwa sababu ule unga unashuka kwenye magurudumu na kuchanganyika na mafuta. Barabara za vumbi za kiangazi zinatosha kutuletea uchafu. Saa isijitengenezee mwingine. Kwa kazi ya pikipiki mimi nasema wazi, vaa saa nene, nyembamba ibaki ya harusi na Idi. Na tabia ya kuitikisa saa kwa nguvu ili iamke, tuliyojifunza kwa Seiko, muiache. Tumia taji.

Wanaonunua kwa picha wapime kwa akili. Muuzaji akikuambia mashine ina milimita 2.5 na saa nzima ina 12, muulize hizo nyingine zimejazwa nini. Mwambie akutumie picha ya mashine yenyewe, si ya uso wa saa.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja refu kidogo. Namba ya mashine isomwe hadi herufi ya mwisho. Nyuma ya Seiko utaona 7S26, lakini A, B au C imeandikwa kwenye mashine ndani, na si kila kipande kinaingiliana. Vivyo hivyo 2892 ya mwanzo na 2892A2. Namba mara nyingi utaikuta chini ya gurudumu la mizani, kwa lenzi. Piga picha kabla hujaagiza Dar, maana spea isiyolingana ukishailipia nauli ya kuja na ya kurudi, faida ya kazi imekwisha. Kwenye saa nene tumezoea kusugua, kunyoosha na kulazimisha kidogo. Kwenye nyembamba hakuna pa kulazimisha. Na ukifungua toleo jipya ukakuta springi ya mizani, ile nyembamba ya gurudumu la mizani, ni ya silikoni, kama zile Patek Philippe walizoziweka kwenye mashine yao ya 240 ya tangu 1977, usiiguse kwa kibano ukitaka kuinyoosha. Haishikwi na sumaku, sawa, lakini hainyooshwi: inavunjika. Hiyo hubadilishwa nzima, na kama huna ya kubadilisha, mrudishie mteja saa yake ikiwa salama. Mafuta nayo weka kidogo kuliko ulivyozoea. Sehemu zimebanana, tone likizidi linatambaa hadi lisipotakiwa.

Kuhusu maji nitakuwa mfupi. Saa nyingi nyembamba zimeandikwa mita 30. Hicho ni kipimo cha shinikizo la majaribio, si ruhusa ya kuzama. Kwa kunawa mikono sawa. Kwa kuogelea ziwani, au kushika kamba za mitumbwi pale Kibirizi mkono ukiwa ndani ya maji, ivue. Jasho la joto la hapa linatosha kuuchosha mpira wa mfuniko, hivyo ubadilishwe kila saa inapofunguliwa, na unene wake upimwe kwa kalipa kabla ya kuwekwa. Nimepokea saa zilizotoka kwa mafundi wengine na mpira mnene wa saa nyingine umelazimishwa ndani: mfuniko unakaa upande, unakandamizwa kwa kiganja hadi ulie, mteja anaondoka ameridhika, na wiki chache baadaye rota inakwaruza upande uleule uliokandamizwa.