Mwimbaji na gitaa lake, rekodi moja

Ukianza kurekodi mtu anayeimba huku akipiga gitaa kavu, utashawishika kuvitenga: gitaa kwanza, sauti baadaye. Lakini mwimbaji wa aina hii hupumua pamoja na gitaa lake. Akivuta neno, mkono wake humsubiri. Ukivitenga, kule kusubiriana hupotea na hakuna programu ya kukurudishia. Kwa hiyo mimi hurekodi vyote kwa pamoja, nikijua kwamba kila maiki itasikia sauti na gitaa.

Mwanzoni niliweka maiki mbili za kawaida, moja mdomoni, nyingine mbele ya tundu la gitaa. Kila moja peke yake ilisikika safi. Nilipozichanganya, sauti ikawa nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya bomba. Nilihangaika na ikolaiza (kirekebisho cha besi na sauti kali) hadi usiku wa manane, kumbe tatizo lilikuwa umbali. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde 1, hivyo neno hufika maiki ya chini likiwa limechelewa, na mawimbi yakikutana baadhi ya masafa, yaani vimo vya sauti, hufutana.

Jifunze upande ambao maiki yako ni kiziwi. Ningeambiwa hili mapema ningeokoa miezi. Maiki ya umbo la 8 husikia mbele na nyuma, lakini ubavuni, digrii 90, haisikii karibu chochote. Ukiwa nazo mbili, inamisha ya sauti mpaka ubavu wake uelekee gitaa, na ya gitaa mpaka ubavu wake uelekee mdomo. Kama una za kadioidi tu, zile zinazosikia zaidi upande wa mbele, uziwi wake uko mgongoni: ya sauti iweke chini kidogo ya mdomo ikitazama juu, mgongo wake uligeukie gitaa. Ya gitaa ielekeze freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa sababu tunduni besi hunguruma.

Kisha sikiliza maiki zote mbili pamoja, katika mono, yaani zikichanganywa kuwa sauti moja, na ubonyeze kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi la sauti juu chini) kwenye moja. Baki na upande wenye besi iliyojaa. Hakuna uliojaa? Sogeza maiki, hata sentimita 5, usiguse ikolaiza.

Kiwango cha kurekodi kisizidi desibeli -12 kwenye vilele, pale sauti inapopaa zaidi. Gitaa litiwe tyuni kabla ya kila rudio.

Ukitaka kunyoosha noti iliyopotoka baadaye, utakwama: ile noti ya zamani bado imo kwenye maiki ya gitaa. Omba marudio kamili matatu au manne, na ukiunganisha, kata trek zote mbili, ya sauti na ya gitaa, mahali pamoja. Hedifoni mvue mwimbaji, asikie chumba. Gitaa likimeza sauti, mwombe apige kwa upole zaidi, au aache pliki (kile kidude cha kupigia nyuzi) atumie vidole. Mara nyingi hata uimbaji wenyewe hutulia hapo.