Kuhusu huyo mlinzi wa getini

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi baada ya chai. Unauliza uikubali hiyo nafasi ya mlinzi wa getini kwenye tamthilia, sini mbili na maneno mawili, au usubiri mpaka wakupe kitu cha maana. Sasa kabla sijakujibu, unamkumbuka Woody Strode, mwigizaji wa Marekani? Yule pande la mtu mwenye kipara, kila tukiangalia kauboi nilikuwa nakwambia usimtazame steringi, steringi hata kipofu anamuona, mtazame aliyesimama nyuma yake.

Najua wewe unamjua kwa ile filamu niliyoikosa. Mama yako anasema hii stori imechakaa lakini haijaisha mpaka niseme imeisha.

Ilikuwa Once Upon a Time in the West, ya 1968, ila huku Tanga ilitufikia miaka kadhaa baadaye. Nilidunduliza hela ya kiingilio wiki tatu, yangu na ya ba'mdogo wako, kwa sababu tangazo la ukutani lilikuwa na Woody. Tukatoka nyumbani mapema kabisa, tungefika hata taa hazijazimwa, kama siyo ba'mdogo wako kuona mihogo ya kukaanga akasema hawezi kuangalia sinema na njaa, tukasimama pale, mihogo haijaiva, mafuta yenyewe ndio kwanza yanapata moto, mimi naangalia barabara yeye anaangalia karai. Tulivyoingia, treni imeshafika, Charles Bronson ameshapiga risasi, na Woody ameshakufa. Kwenye filamu ya karibu saa tatu! Nimekaa nangoja atokee tena, nikimuuliza jirani ananiambia nyamaza wewe.

Kesho yake mtaa mzima wanaigiza. Maana pale mwanzo majambazi watatu wanasubiri treni stesheni, muda mrefu hakuna maneno ya maana, Woody amekaa chini ya tangi maji yanamdondokea kipara, tone, tone, anavaa kofia, yanajaa kwenye ukingo wa kofia, halafu anayanywa. Hicho tu. Basi watoto wote wanamwaga maji kwenye kofia za vito za baba zao ili wayanywe, yanavuja yote, bibi yako alichapa watu wanne siku hiyo. Na mimi kwa kutaka kuonekana nilikuwepo nikasema mbona hamuigizi pale inzi alipotua kwenye kofia ya Woody. Loh! Inzi alikuwa wa mwenzake, Jack Elam, alimtua usoni, Elam akaishia kumnasa kwenye mdomo wa bastola. Ndio hilo jina unalolisikia wazee wa sokoni wananiita mpaka leo. Inzi. Ba'mdogo wako akacheka kuliko wote, mdomo umejaa muhogo wangu.

Mwanzo wenyewe nimekuja kuuona mwaka ule nilioteguka mguu, uliponiwekea kwenye laptopu yako, na wewe ukasinzia kabla treni haijafika. Nililia kidogo, hukuona.

Basi ndio nasema mtazame wa nyuma. Spartacus ya 1960, steringi Kirk Douglas, lakini wewe niambie unakumbuka nini? Ule mpambano. Woody ana wavu na mkuki wa ncha tatu, Kirk Douglas yuko chini, wakubwa wa Roma wako juu wanataka auawe, jamaa anakataa, anageuka anawarushia wao mkuki na kuwapandia hukohuko juu, wanamuua. Hapo filamu bado ndefu na yeye kazi yake imeisha, lakini kifo chake ndicho kinachowasha moto wote unaofuata. Amesema maneno mangapi? Machache sana.

Ila ngoja, nisikudanganye mwanangu. Nikiyasema haya kama mahubiri ntakuwa mwongo. Woody hakuchagua udogo. Huyu 1946 yeye na mwenzake Kenny Washington ndio walioingia timu ya Los Angeles Rams wakati ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, haikuwa na mchezaji mweusi tangu 1933, na alikuwa ameshafika miaka 32. Alivyoingia kwenye filamu wakamvalisha ngozi na kumpa mkuki, leo chifu, kesho shujaa wa msituni, The Ten Commandments ni mfalme wa Ethiopia anapita mara moja. Mwongozaji John Ford akaja kumpa Sergeant Rutledge, mwaka uleule wa Spartacus, filamu ina cheo na jina la mhusika wake yeye, kesi ni yake, uchungu ni wake, halafu jina linalotangulia kwenye orodha ya waigizaji ni la mzungu, Jeffrey Hunter. Hapo nikikumbuka nakasirika mpaka sasa. Kwa hiyo kuna nafasi ndogo ya kuanzia na kuna nafasi ndogo ya kufungiwa humo, na kwa mbali zinafanana, sijui wewe yako ni ipi, hilo ni wewe uliye huko utaliona.

Lakini pia sitaki kusema alipotea, maana hakupotea. Amefanya kazi mpaka uzeeni, amekufa Desemba 1994 akiwa na miaka 80, na filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka uliofuata. Yule kauboi wa katuni ya Toy Story uliyekuwa unalala naye, Woody, jina limetoka kwake. Umelala na Woody Strode miaka minne bila kujua.

Sasa huyo mlinzi wako. Hujaniambia anafanya nini getini. Amekaa tu au kuna kitu mkononi? Gari likipiga honi anakimbia au anakwenda taratibu? Waulize. Na uulize kama jina litaandikwa mwishoni na nauli wanatoa wao.

Mama yako anasema ukikubali utume picha ukiwa na sare. Mimi sijasema ukubali. Sijasema neno.

Baba yako