Cheo cha Kiingereza kinapoangukia binamu wa mbali: kwa mnaoanza kufuatilia koo za walowezi

Karibu kila anayeanza kazi ya kusoma faili za walowezi wa Kenya hukwama mahali pamoja. Anasoma kwamba Duke fulani, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha ulodi, alifariki bila mtoto wa kiume na cheo kikaenda kwa ndugu wa mbali. Basi anaanza kumsaka huyo ndugu kutokea kwa marehemu: kaka zake, ami zake, watoto wa ami zake. Njia hiyo inachosha, na mara nyingi inamfikisha kwa mtu asiyehusika kabisa. Mwacheni marehemu kwanza. Nendeni kwa mtu wa kwanza kupewa cheo hicho, msome alipewa kwa maneno gani, ndipo mshuke.

Cheo cha namna hii hakitoki mkononi mwa aliyekufa. Kinatoka kwenye hati ya kifalme, na hati ndiyo inayosema nani atakishika. Hati nyingi zinataka wazao wa kiume wa mwili wa yule wa kwanza, waliozaliwa ndani ya ndoa, wanaounganika naye kuumeni tupu. Akiingia binti mahali popote katikati ya mstari, wazao wake wote wako nje, hata wakiwa ndio waliomlea marehemu na kumzika. Mtoto wa kupanga naye hahesabiwi.

Chukueni mfano wa Portland, ambao unatuhusu kwa sababu sehemu yake iko Nairobi. Hans Willem Bentinck, Mholanzi aliyefuatana na William III kwenda Uingereza, alifanywa Earl wa Portland, cheo kilicho chini ya Duke, mwaka 1689. Mwanawe Henry akapandishwa kuwa Duke mwaka 1716. Hapo kuna hati mbili zenye watu wawili wa kwanza tofauti. Andikeni miaka hiyo miwili pembeni kwa wino mwekundu, tutairudia.

Mwaka 1977 Duke wa 7 alifariki bila kuacha mtoto wa kiume. Pandeni hadi kwa Duke wa 3, yule aliyekuwa waziri mkuu mara mbili. Kwa mwanawe mmoja, Lord Charles, ndiko alikotokea Duke wa 7. Kwa mwanawe mwingine, Lord Frederick, ndiko alikotokea Ferdinand Cavendish-Bentinck, mlowezi wa Kenya aliyekuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1955 hadi 1960, akajiuzulu na kuanzisha chama cha Kenya Coalition. Yeye na Duke wa 7 wote ni vilembwe wa Duke wa 3. Kwa hiyo akiwa na umri wa miaka 88 mzee huyo wa Nairobi akawa Duke wa 8 wa Portland. Katika faili za Kenya msimtafute kwa jina la Portland, maana hamtampata. Yumo kwa jina la ukoo, Cavendish-Bentinck. Vivyo hivyo Lord Delamere, mlowezi mwingine, ukoo wake ni Cholmondeley, na mtafutaji asiyejua hilo atapita mara kumi mbele ya faili anayoitaka.

Na Ferdinand alipata nini? Jina. Mashamba na jumba la Welbeck huko Nottinghamshire vilibaki kwa Lady Anne, binti wa Duke wa 7. Cheo hufuata hati ya mfalme. Ardhi hufuata wasia na mikataba ya familia. Zamani mikataba hiyo ilifungwa makusudi ili jumba na jina visiachane, lakini karne ya 20 na kodi zake za mirathi ililegeza mafundo mengi. Ukikuta gazeti la zamani linasema fulani «amerithi utajiri wa Duke», usiliamini mpaka uone wasia.

Ferdinand alifariki 1980, cheo kikaenda kwa mdogo wake Victor, mwanadiplomasia. Victor alipofariki 1990 hapakuwa na mwanamume aliyebaki kutoka kwa Henry, Duke wa kwanza. Sasa tazameni ile miaka ya wino mwekundu. Cheo cha 1716 kilikufa hapo hapo. Cha 1689 hakikufa, kwa sababu Hans Willem alikuwa na mtoto mwingine wa kiume kwa mke wa pili, na ukoo wake ulikuwa hai. Earl wa 11 akatoka huko, ndugu wa mbali kiasi kwamba mzee wao wa pamoja ni yule Mholanzi mwenyewe. Mtu mmoja amekufa, cheo kimoja kimezikwa naye, kingine kimeruka karne tatu na kutua kwingine. Anayeanza na marehemu haoni kwa nini. Anayeanza na hati anaona mara moja.

Jambo kama hilo lilitokea kwetu pia Januari 1941, Earl wa Erroll alipouawa kwa risasi nje ya Nairobi. Watu wanapenda kusimulia mauaji, mimi napenda yaliyofuata kwenye makaratasi. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti na kiliweza kumwendea mwanamke, basi binti yake Diana akawa Countess, yaani Earl wa kike. Lakini marehemu alikuwa pia Baron Kilmarnock kwa hati ya 1831 iliyotaka wanaume, na hicho kikaenda kwa mdogo wake Gilbert.

Neno moja kwenye hati linatosha kugeuza kila kitu. Hati ya Earl wa Devon ya mwaka 1553 ilitaja warithi wa kiume bila kusema «wa mwili wake». Aliyepewa alifariki 1556 bila mke wala mtoto. Mwaka 1831, miaka 275 baadaye, Baraza la Malodi lilikubali kwamba cheo kilikuwa hai muda wote huo, kwa ukoo wa binamu zake wa mbali.

Wenzangu wa pwani, mliokua mkisikia hesabu za mirathi, hapa mwe macho. Katika mirathi ya Kiislamu mjukuu aliyefiwa na baba huzuiwa na ami yake aliye hai. Katika vyeo hivi mjukuu huyo anasimama mahali pa baba yake na kumtangulia ami. Ndiyo maana kwenye michoro ya koo mtaona herufi d.v.p., yaani alifariki baba yake akiwa hai. Msipite tu: ulizeni kama aliacha mwana. Herufi d.s.p.m. maana yake hakuacha mtoto wa kiume, na d.s.p. hakuacha mtoto kabisa. Hizo mbili zisomeni kwa mashaka. Aliyechora mti mara nyingi hakuwa na cheti, alikuwa na barua ya shangazi. Vijana waliopelekwa makoloni na kuacha kuandika nyumbani «waliuawa» namna hiyo kwenye karatasi, huku wakizaa. Kwa mdai wa cheo, kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba kila mstari ulio mbele yake umekatika. Kuthibitisha kwamba yeye ni nani ni rahisi zaidi.

Na cheti nacho kina mipaka. Kesi ya Pringle ya mwaka 2016 isomeni yote, haina urefu wa kutisha. Ilihusu cheo cha baroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya Baron) cha mwaka 1683, na ilisikilizwa na majaji wa Privy Council ya London, baraza lile lile lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho kutoka Afrika Mashariki ya kikoloni. Makaratasi yalikuwa safi, lakini vinasaba vilionyesha kwamba aliyehesabiwa kuwa Baroneti wa 9 hakuwa mtoto wa damu wa Baroneti wa 8. Majaji walikubali ushahidi huo ingawa miaka mingi ilikuwa imepita, na cheo kikahamia kwenye mstari wa mtoto wa pili.

Mwisho, angalieni orodha rasmi. Mabaroneti wana yao tangu 1910, na wenye vyeo vya juu zaidi tangu 2004. Asiyeingizwa humo hatajwi kwa cheo hicho katika nyaraka za serikali. Tangu sheria ya 1999 ipunguze malodi wa kurithi bungeni hadi 92, kiti hakikuwa tena sababu ya kila mrithi kugharimia vyeti na mawakili, kwa hiyo jina kukosekana si ushahidi kwamba ukoo umekwisha. Kwenye maelezo yenu wekeni wino kwa mwaka wa hati, maneno yake ya urithi, na mshika cheo wa mwisho aliyethibitishwa. Waliobaki waandikeni kwa penseli.