Waini na opena kwenye kruzi: kipi kiende wapi

Nguo ukisahau utanunua melini, dawa ya meno utanunua melini, hata miwani ya jua ipo. Ila ile chupa mliyoitunza kwa ajili ya anivesari yenu, ya mwaka ule mnaoujua nyie wenyewe, hiyo duka la meli halina, na kwenye menyu ya mgahawa hata ukiikuta inayofanana nayo bei yake inaweza kukukata hamu. Ndiyo maana mimi nikianza kupaki kwa ajili ya kruzi, yaani safari ya starehe kwa meli, naanza na chupa na opena, nguo zinafuata baadaye, na mtu anayeenda mara ya kwanza akiniomba ushauri namwambia afanye hivyo hivyo.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba ukipanda ndege kwenda bandarini una safari mbili ndani ya moja na sheria zake zinapingana kabisa. Ndege haitaki chupa mkononi, maana kwenye viwanja vingi kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti pale kwenye ukaguzi, kwahiyo waini lazima ishuke kwenye sanduku kubwa. Ukifika kwenye meli mambo yanageuka, meli nyingi zinataka chupa uingie nayo mwenyewe kwenye begi la mkononi siku ya kupanda, uionyeshe, waiangalie, upite. Ukiiacha ndani ya lile sanduku unalomkabidhi mpagazi, sanduku linapita kwenye eksrei, chupa inaonekana, sanduku linawekwa pembeni mpaka mwenyewe ukaitwe ulifungue mbele yao. Kuna safari moja majirani zetu wa kabini ya pembeni, mtu na mkewe, walikula chakula cha kwanza cha usiku wakiwa na nguo zile zile walizosafiria nazo toka asubuhi, sababu masanduku yao yote mawili yalikuwa yamezuiwa huko chini kwa ajili ya chupa mbili tu. Niliwaonea huruma kwa kweli.

Kwahiyo mimi ninavyofanya, ndani ya sanduku kubwa naweka begi dogo laini limekunjwa, na chupa nazipanga sehemu ambayo nikifungua zipu nazifikia bila kumwaga nguo zangu zote hadharani. Tukilala hotelini usiku wa kuamkia safari nahamisha palepale chumbani, kama ndege inatua siku hiyohiyo nahamisha uwanja wa ndege baada ya kupokea mizigo, natafuta kona moja, chupa zinaingia kwenye begi dogo, begi linakaa begani, sanduku linakwenda zake kwa mpagazi. Ni dakika chache tu.

Kuhusu kuvunjika msiogope sana, ila fanyeni kazi. Chupa iingie kwanza kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, halafu soksi nene, halafu iviringishwe kwenye suruali ya jinzi au sweta, ilale katikati ya sanduku na nguo laini pande zote, isiguse ukuta wa sanduku wala kiatu wala chupa mwenzake. Hicho kiatu watu wanakisahau, kisigino kigumu kikiegemea kioo na sanduku likarushwa basi imeisha. Na uzito nao uupigie hesabu, chupa ya kawaida ya mililita 750 ikijaa inacheza kwenye kilo 1.2 hadi 1.5, shampeni inazidi hapo kwa sababu kioo chake ni kinene kinachotakiwa kuhimili presha kubwa mno ndani, kama mara sita ya hewa ya kawaida tunayoivuta, kwahiyo kama shirika lako la ndege linaruhusu kilo 23, kilo mbili tatu zimeshakwenda hapo. Kwa upande wa sheria za anga waini haina shida kwenye mzigo wa chini, ukomo wa lita 5 kwa mtu unaanza kwenye vinywaji vyenye kilevi zaidi ya asilimia 24, na waini nyingi ziko kwenye 12 mpaka 15.

Idadi ya chupa inategemea kampuni ya meli na hapa ndugu zangu msikisie, someni masharti ya tiketi yenu kabla hamjanunua chochote, maana kampuni zinabadilisha haya mambo mara kwa mara. Zimetofautiana kweli. Carnival wanaruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa kila mtu aliyefikisha miaka 21, na ni siku ya kupanda tu. Disney wao ni chupa mbili kwa mtu mzima mwanzo wa safari na tena kila bandari mnayoshuka. Norwegian hawana kikomo lakini kila chupa unailipia ada wakati wa kuingia nayo, dola 15 kwa ya kawaida na dola 30 kwa ile kubwa ya lita moja na nusu, na waini ya boksi hawaitaki. MSC hawaruhusu kabisa uingie na kinywaji cha kunywea humo ndani, kwahiyo ukisafiri nao chupa iache nyumbani. Na pombe kali usijaribu kuipitisha, hasa ule mchezo wa kuihamishia kwenye chupa za dawa ya kuogea, unachukua hatari ya kuharibu safari ya familia nzima kwa kitu kinachouzwa baa ghorofa mbili juu yako.

Sasa opena. Hapa ndipo roho yangu ilipo.

Nimeona watu wanabeba chupa nzuri halafu opena wanabeba ile ya mabawa mawili, nzito, inakula nafasi kama kiatu cha mtoto, na nyingi zina skrubu nene inayotafuna kizibo badala ya kukishika. Ikichomolewa inatoka na unga. Beba ile opena ya weita, inayokunjwa kama kisu cha mfukoni, ambayo Mjerumani Carl Wienke aliisajili mwaka 1882 na mpaka leo mawaita dunia nzima wako nayo mfukoni. Ukinunua angalia vitu viwili. Msokoto wake uwe uzi mwembamba uliojizungusha na kuacha uwazi katikati, sio msumari uliochongwa mistari. Na ule mkono wa kuegemeza kwenye mdomo wa chupa uwe na ngazi mbili, sio moja, kwa sababu ngazi moja inavuta kizibo kwa pembe na kizibo kikavu kinakatika katikati.

Meli inayumba hata siku ambazo huioni ikiyumba, kwahiyo mimi chupa naisimamisha kwenye meza, mkono wa kushoto umeshika shingo. Nakata foili, ile karatasi inayofunika kizibo, chini ya ule ukingo wa mdomo, nachoma ncha katikati ya kizibo, nazungusha taratibu mpaka ubaki mzunguko mmoja nje, nisitoboe chini na kumwaga vumbi la kizibo ndani ya waini. Ngazi ya kwanza, kizibo kinapanda nusu. Ngazi ya pili, kinakaribia kutoka. Hapo naacha opena, namalizia kwa vidole nikikitikisa kidogokidogo, kinatoka bila hata mlio. Mke wangu anajua ndio wakati wa kusogeza glasi.

Tatizo ni kwamba opena hii ina kile kiwembe cha kukatia foili, na kiwembe hicho ndicho kinachokamatwa uwanja wa ndege. Marekani wameweka wazi, opena isiyo na makali inapita na begi la mkononi, yenye makali iende kwenye mzigo wa chini. Kwahiyo yangu inasafiri kwenye sanduku pamoja na chupa na inahama pamoja nazo. Melini kiwembe kidogo hivyo hakina kesi, makatazo ya visu kwenye meli nyingi kubwa yanaanzia makali ya zaidi ya inchi 4. Kama unasafiri na begi la mkononi peke yake tafuta opena isiyo na kiwembe, foili utaichana kwa ncha ya msokoto.

Na kama opena imebaki nyumbani, usianze ile ya kugongesha chupa ukutani ikiwa ndani ya kiatu. Nawasihi. Kioo kinaweza kupasukia mkononi na wewe uko katikati ya bahari. Piga simu kwa mhudumu wa kabini, kukutafutia opena au kukufungulia chupa ni kazi yao ya kila siku, umshukuru vizuri mwisho wa safari. Halafu muombe na glasi za waini, maana kabini nyingi zimewekewa za maji tu. Kwa asiyetaka usumbufu wote huu, zipo waini nzuri sana zenye kifuniko cha kuzungusha, na shampeni haina haja ya opena. Unafungua waya mizunguko sita nusunusu, unashika kizibo kwa nguvu, unazungusha chupa na sio kizibo, huku mdomo hauelekei mtu.

Chupa gani ubebe? Mimi siwezi kubeba waini ya zamani yenye mashapo, hayo mashapo yakishatikiswa kwenye ndege na basi yanahitaji siku kadhaa kutulia, na meli haiachi kutikisika. Beba changa, imara. Nyeupe au shampeni inafaa ukiwa na uhakika wa barafu, kwa sababu friji za kabini nyingi zinapoza tu, hazigandishi, kwahiyo agiza ndoo ya barafu na uongeze maji humo, nusu kwa nusu, barafu yenye maji inapoza haraka kuliko barafu peke yake, nusu saa iko tayari.

Ada ya kufungulia chupa mgahawani wengi wanailalamikia na mimi nawaelewa, ila kwa chupa ya maana nailipa bila kinyongo. Kwenye meli za Princess chupa ya kwanza ukiinywea kabini hailipiwi, Carnival ni dola 15 ukiipeleka mezani. Kwa hela hiyo unapata glasi sahihi na mtu anayejua kazi yake, na ikibaki nusu weita anaandika namba ya kabini yako kwenye chupa, anaitunza, kesho yake unaikuta mezani inakusubiri. Ya kawaida tunainywea barazani kwetu jioni ya kwanza wakati meli inatoka bandarini, na hiyo raha sidhani kama kuna mgahawa unaifikia.

Mnazonunua njiani kwenye bandari meli nyingi zinazichukua langoni na kuwarudishia mwisho wa safari, tunza ile risiti wanayokupa. Ukirudi kupitia Marekani msamaha wa ushuru kwa kawaida ni lita moja ya kilevi kwa mtu aliyefikisha miaka 21, ambayo chupa mbili zinaipita, Uingereza ni mpaka lita 18 za waini isiyo na mapovu. Na usiku ule wa mwisho, kabla hujalitoa sanduku koridoni wahudumu walichukue, opena yenye kiwembe iwe imesharudi ndani yake.