Aliyefunikwa shuka

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika, pamoja na ile picha ya kale ya Ulaya: kichanga kakaa wima kama mzee wa baraza, nyuma yake kitu kimefunikwa shuka jeusi mithili ya jini. Unauliza kama ni maiti. Hapana, binti yangu. Ni mama yake.

Mfaransa mmoja, Daguerre, alitangaza ufundi wake wa kupiga picha Paris mwaka 1839, na studio za kwanza zilipofunguliwa, mtu alikaa mbele ya kamera hata dakika nzima bila kutikisika. Mtu mzima aliwekewa chuma nyuma ya shingo kimtulize. Mtoto utamtuliza na chuma gani? Hata ulipokuja mtindo wa 1851, wa kioo kinachopakwa dawa na kutumika kingali kibichi, bado zilihitajika sekunde kadhaa, na kwa mtoto sekunde tatu ni kutoka hapa hadi Newala kwa miguu. Basi mama akafunikwa, akawa kiti. Picha ikishatoka ilitiwa kwenye fremu yenye uwazi wa umbo la yai, mama akapotelea kingoni.

Hao wanaokwambia picha za namna hiyo zote ni za maiti wanakuza mambo. Wapo wazazi waliowapiga picha watoto waliofariki, maana pengine hawakuwa na kumbukumbu nyingine. Lakini tazama uso. Ukiwa na ukungu, mtoto alitikisika, maiti hatikisiki. Na kile chuma cha shingoni hakiwezi kusimamisha maiti hata kidogo.

Kilichowafunua akina mama ni kioo kikavu, wazo la daktari mmoja Mwingereza, Richard Maddox, la mwaka 1871. Kilipoboreshwa, picha ikawa inachukuliwa chini ya sekunde moja.

Mimi nilipoanza kusaidia studio hapa Mtwara mjini, filamu zilikuwa za kasi na taa tunazo, ila watoto walikuwa walewale. Msimu wa korosho, watu wakishuka kutoka Newala na Tandahimba na pesa mkononi, foleni ilifika barazani. Siku ya Idi ndiyo usiseme. Mtoto kavalishwa viatu vipya vinavyombana, akiona taa tu, kilio. Wenzetu Ulaya walikuwa na ndege wa kuchezea wa kumvutia mtoto macho. Sisi tulikuwa na kopo la maziwa lenye kokoto. Fundi wangu alikuwa mkali: filamu ina picha 12, ukiharibu moja unakatwa.

Sasa ile picha yako ya miezi sita, unayotaka kuipeleka kwa fundi fremu. Umeandika tena kwamba mama yako hakuja siku ile, ulikuwa na mimi peke yangu. Itazame vizuri. Lile si pazia. Ni kanga yake, naye yumo ndani, kapiga magoti, kakushika kiunoni. Mimi ndiye niliyemwambia ajifunike. Nilitaka mtoto peke yake, kama picha za kalenda, na kwenye filamu ilibaki moja tu.

Chini kushoto, pembeni kabisa, utaona vidole viwili. Negativu, ile filamu ya kutolea nakala nyingine, iliharibika kwa unyevu zamani. Mwambie fundi asikate kingo.

Baba yako