Maswali ya Wasomaji: Hesabu ni ya Kurithi?

SWALI: Kijana wangu wa darasa la nne amepata 11 kati ya 50 kwenye hesabu. Shemeji anasema amesoma kuwa ufaulu hurithiwa kwa asilimia 58. Kwa kuwa hata baba yake hesabu zilimshinda, anataka hela ya tuisheni tununulie mbolea. Ana hoja? – Mama wa watatu, Tabora

JIBU: Namba hiyo ipo, ila shemeji ameisoma vibaya. Ilitolewa Uingereza mwaka 2013, kwa mapacha zaidi ya 11,000 wa miaka 16 waliofanya mtihani wa GCSE, unaofanana na wetu wa kidato cha nne. Mapacha wa kufanana wana vinasaba (DNA, chembe za urithi) vile vile. Wasiofanana wanachangia kama nusu, sawa na ndugu wengine. Wote wanalelewa nyumba moja. Kwa hiyo unapima alama za Kulwa zinavyokaribiana na za Doto. Tuseme kiwango cha kukaribiana (0 ni kutohusiana, 1 ni kwenda sawa kabisa) ni 0.85 kwa wa kufanana na 0.55 kwa wengine: tofauti ni 0.30. Hiyo inatokana na nusu tu ya vinasaba, basi zidisha kwa mbili, asilimia 60. Hicho ni kipimo cha tofauti kati ya watoto wengi wa mahali pamoja. Hakisemi kwamba katika zile 11 za mwanao, sita ni za baba. Tena hubadilika: pale ambapo vitabu, walimu na mlo vinatofautiana sana, mazingira huchukua fungu kubwa zaidi.

Kabla ya tuisheni, chukua karatasi yake ya mtihani. Msomee hesabu za mafumbo kwa sauti, yeye akokotoe. Akizipata, shida ni kusoma, na mwalimu wa hesabu hataiondoa. Halafu macho: asimame umbali wa dawati lake hadi ubaoni, afunike jicho moja asome, kisha jingine. Akikosa hata ukimsomea, mpe 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Akiandika 376, ujue anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kuangalia ipi iko juu. Hajaelewa kukopa, na sifuri ya katikati ndiyo inamwangusha. Huyo anahitaji kurudishwa kwenye makumi na mamia kwa vijiti, si kuongezewa maswali ya darasa la nne.

Urithi tuuangalie hapa: ugumu wa kusoma, disleksia, hupita katika koo. Kama baba alisumbuka na kusoma pia, mwalimu aambiwe sasa.

SWALI: Nitume mate ya binti yangu yakapimwe vinasaba nijue kama atafika chuo?

JIBU: Usitume. Utafiti wa 2022 ulitumia watu milioni 3 wenye asili ya Ulaya, na kwa watu wa asili hiyo kipimo kilieleza asilimia 12 hadi 16 tu ya tofauti za miaka ya masomo. Kwa wenye asili ya Afrika kinapwaya zaidi. Isitoshe, Aisilandi mwaka 2018 ilionekana kuwa hata vinasaba vya wazazi ambavyo mtoto hakuvirithi vinahusiana na kiasi alichosoma: vinamfikia kwa njia ya malezi. Mate yake hayawezi kukuonyesha hilo.