Maswali na Majibu: Usiku Vua Filta

Maswali ya filta, vile vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi, na picha za usiku yamekuwa mengi mno, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja. Baadhi nilishayajibu huko nyuma. Nayarudia kwa sababu watu wanaendelea kuharibu picha za harusi za wenzao.

Nilipiga harusi ukumbini hapa Tanga. Kila picha yenye taa za jukwaa ina vidoa vya kijani vinavyoelea upande wa pili. Fundi anasema lenzi imeingia fangasi, anataka kuifungua. Nimpe?

Usimpe bado. Fungua picha mojawapo, tafuta taa kali, halafu fuata kwa jicho mstari unaotoka kwenye taa hiyo, unaopita katikati kabisa ya picha na kuendelea hadi upande wa pili. Ukikuta kidoa kimekaa kwenye mstari huo, umbali uleule kutoka katikati, kimepinduka juu chini, basi hiyo ni taswira ya taa yenyewe, na karibu kila mara imeletwa na filta uliyoifunga mbele ya lenzi. Fangasi haifanyi hivyo. Fangasi hufifisha picha na kuitia ukungu.

Mwanga wa taa ukifika ndani hugonga sensa, kile kibamba kinachonasa picha, ambacho kinang'aa, na sehemu yake hurudi mbele. Huko unakutana na filta. Kwa kuwa filta ni kioo bapa, inaurudisha tena ndani kama kioo cha kujitazamia. Uso mmoja wa kioo kisichopakwa dawa ya kupunguza mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na filta ina nyuso mbili. Mchana huoni kitu kwa sababu picha nzima imejaa mwanga. Usiku taa inakuwa kali mara maelfu kuliko giza lililo kando yake, hivyo hata asilimia ndogo inatosha kuacha alama juu ya shela la bibi harusi. Filta za bei zilizopakwa tabaka nyingi hupunguza tatizo, lakini hazilimalizi.

Vua filta, piga taa ileile, linganisha. Vidoa vikibaki palepale, ndipo ukamwone fundi.

Muuzaji aliniambia filta ya UV isitoke kwenye lenzi hata siku moja, maana ndiyo kinga yake. Wewe unasema itoke. Nimsikilize nani?

Muuzaji anauza filta.

Sipingi kinga. Ukiwa kwenye vumbi la Dodoma, au umesimama karibu na Daraja la Tanzanite upepo wa bahari unapuliza chumvi usoni, acha filta ikae. Lakini unapofika wakati wa kupiga taa za jiji, itoe, piga, irudishe. Kinga ya kila siku ni hudi, ile pete pana ya plastiki inayofungwa mbele ya lenzi. Kamera ikigonga pembe ya meza, hudi ndiyo inayopokea pigo, na pia huzuia taa za pembeni zisiingie. Wengi wameiacha ndani ya boksi tangu siku waliyonunua lenzi, huku wakitoa pesa kununua kioo cha ziada.

Na kwa sheria ya fizikia tu: kazi ya filta ya UV ni kuzuia mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iliyosumbua filamu za zamani. Sensa za sasa zina kizuizi chake ndani, na usiku jua halipo.

Filta ya ND, ile nyeusi ya kupunguza mwanga, ipi inafaa kupata mistari ya taa za magari barabarani?

Hakuna. Weka tripodi, ISO 100 (unyeti wa sensa), f/11 (upana wa tundu la lenzi), acha shata, yaani pazia la kamera, wazi sekunde 10 hadi 20. Giza limeshakufanyia kazi ya ND.

Nataka kupiga jiji usiku kutoka ghorofani, ila kioo cha dirisha kinaonyesha kitanda changu. Polaraiza, ile filta ya kupunguza mng'ao, itaondoa?

Ukisimama umeelekea kioo moja kwa moja, haitaondoa chochote. Polaraiza inafanya kazi ukiwa umekitazama kioo kwa mshazari, na hata hapo inakula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Picha iliyohitaji 1/60 ya sekunde sasa inataka 1/15 au karibu na hapo, na mkono hauwezi kutulia. Zima taa zote za chumba, na ile ndogo ya televisheni uifunike. Sogeza lenzi hadi mdomo wake ukaribie kugusa kioo, kisha zungushia koti jeusi au kanga nzito pande zote. Ni kazi ya dakika mbili na haina gharama.

Filta za kuzuia mwanga wa jiji zinafaa kwa Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani?

Zilifaa zaidi zamani. Ziliundwa kukata mwanga wa manjano wa taa za sodiamu, ulio karibu na nanomita 589, na kuacha rangi nyingine zipite. Taa nyeupe za LED zinazofungwa sasa mitaani hutoa rangi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo filta haina pa kukata bila kukata na nyota. Pesa hiyo lipia mafuta ya gari uende mbali na mji, mwezi ukiwa mwandamo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumependelewa. Kati ya Juni na Agosti, kitovu cha Njia Nyeupe, kando ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, hupanda juu sana angani kwetu, wakati mpiga picha wa London anakiona kikitambaa karibu na upeo wa macho. Anza na f/2.8, sekunde 15, ISO 3200, lenzi pana, bila filta yoyote. Kuwa na bahati hiyo halafu kuiziba kwa kioo cha bei rahisi kunanisikitisha kwa kweli.

Na mwezi je? Filta gani?

Mwezi mpevu ni jiwe linalowakwa na jua: ISO 100, f/11, 1/100. Hata ukipatwa, kama ulivyokuwa mwekundu tarehe 7 Septemba 2025, filta haihitajiki.

Jua ni habari nyingine, na hili nalisema ingawa hamkuuliza. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa katika ukanda unaopita Misri, Makka, Jeddah na Yemen hadi kaskazini mwa Somalia. Najua ndugu zetu wengi walioko Ghuba wanajiandaa. Nunueni filta maalumu ya jua, inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000, na ikae mbele ya lenzi. ND ya kawaida si mbadala. Macho hayana vipuri.

Simu yangu ilikuwa inapiga vizuri usiku. Tangu nibandikiwe vioo vya kulinda kamera, kila taa ina mikia.

Umejijibu. Bandua. Kioo hicho ni filta tu, tena ya hali ya chini, na gundi yake hukusanya vumbi na mafuta. Ukishabandua, futa kamera kwa kitambaa safi na laini kabla ya kila picha ya usiku, kwa sababu alama ya kidole nayo huleta mikia hiyohiyo.

Filta ya nyota, ile inayochanua taa kama nyota?

Weka f/16. Taa zitachanua zenyewe.

Nimeamua kutoa UV yangu, imegoma kufunguka.

Acha kuibana kwa vidole viwili. Ukiibana hivyo ringi inajikunja kidogo na kuzidi kukaza. Vaa glavu za mpira za jikoni, ishike kwa kiganja kizima kuzunguka ukingo wote, kisha izungushe taratibu kinyume cha saa bila kuikandamiza. Ikikataa, funga raba pana kuzunguka ringi ujaribu tena. Usitie mafuta, yatapenya hadi kwenye lenzi, na koleo isiguse kabisa.